Sifuri ya Ghorofa ya Tisa

Asubuhi ile Kokubanza alifika kazini kabla ya wenzake wote. Usiku alikuwa amejigeuza kitandani mpaka shuka likamkaba miguu, na kilichomnyima usingizi alikijua vizuri. Ni ngazi. Mwanamke wa miaka sabini na minne, kwa mujibu wa ushanga wake, alikuwa amepanda ngazi za ghorofa tisa kwa dakika mbili na nusu, na mtambo wa makao makuu haukushangaa hata kidogo.

Aliketi, akasimama, akaketi tena. Ushanga wa mkononi mwake ulimfinya taratibu, kumkumbusha kwamba amekunywa chai tupu na damu yake inaomba kitu kingine. Ndivyo shanga zilivyo. Kila mtu katika Shirikisho la Maziwa anavaa wake, mtoto akivishwa siku anapozaliwa, na kila robo saa ushanga unamulika damu yake, unasoma sukari, chumvi, joto, uchovu, mlo na mwendo, kisha unapeleka habari makao makuu. Anayepungukiwa anaongezewa posho. Anayeshiba anapunguziwa. Anayeshuka chini ya mstari wa njaa, gari jeupe linafika mlangoni kwake kabla saa haijaisha.

Kwa hiyo hapakuwa na mwenye njaa. Ungesimama popote katika Bukoba Mpya, ukiinua macho ungeuona Ubao juu ya jengo la Ofisi ya Sifuri, alimofanya kazi Kokubanza, na tarakimu yake pekee, sifuri, ndefu kuliko nyumba ya ghorofa nne. Chini yake maneno: WALIO CHINI YA MSTARI. Miaka kumi na mmoja ile sifuri haijabadilika. Kesho yake wageni kutoka nchi kumi na mbili walikuwa wanakuja kuitazama na kujifunza inavyotengenezwa.

Bwana Kyaruzi, mkuu wa wapimaji, aliingia na chupa yake ya chai ya tangawizi. Kama kawaida yake alimmiminia kwanza mama anayefuta sakafu, akamsubiri anywe funda la kwanza, ndipo akaja mezani kwa Kokubanza. Kokubanza alimpenda kwa jambo hilo, hata siku alizokuwa amemkasirikia.

"Mama Koku, umewahi kama mtu aliyepotelewa na mbuzi."

"Nimepotelewa na mtu. Tazama hapa."

Kyaruzi akatazama. "Bi Kemilembe. Jengo la Migomba, ghorofa ya tisa. Hana tatizo. Ameshiba kuliko mimi."

"Amepanda ngazi mbio."

"Lifti iliharibika. Kuna wazee wana nguvu zao."

"Dakika mbili na nusu, Bwana Kyaruzi. Wewe una miaka arobaini na nane, ukifika ghorofa ya nne unaulizia kiti."

Kyaruzi akacheka, lakini macho hayakucheka. "Mtambo unatafuta walioko chini. Huyu yuko juu."

"Juzi saa saba damu yake ilikuwa na sangara na wali. Jana kuku. Huo ni mlo wa kantini ya mafundi, na yeye hana kazi tangu aache kushona. Posho yake imekatwa miaka mitatu sasa kwa sababu ushanga unasema ana njia yake ya kula. Njia gani?"

Kyaruzi alifunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga. "Nenda kesho kutwa, mama yangu. Wageni wakishaondoka, nenda ukae huko hata wiki."

Kokubanza alifungua tu kitabu cha safari na kuandika jina la jengo. Jambo moja hakumwambia Kyaruzi, kwamba miaka minne iliyopita alikwishakwenda kwenye jengo lile. Siku hiyo pia lifti ilikuwa mbovu, na goti lake lilikuwa limevimba. Alisimama chini, akabonyeza kengele ya ghorofa ya tisa, akauliza kwenye kipaza sauti lile swali ambalo kanuni inamtaka kila mpimaji aulize kwa maneno yaleyale.

"Mmekula?"

Sauti ya mama mtu mzima ikashuka kutoka juu, changamfu kabisa. "Tumekula, tunashukuru."

Beji yake ya kifuani, inayonasa majibu, ikawaka kijani. Akatia sahihi, akaenda zake.

*

Safari hii lifti ilikuwa nzima. Ilimsalimia kwa jina, ikamuuliza hali ya goti.

Ghorofa ya tisa ilikuwa safi, sakafu inang'aa, kuta zinatoa joto jepesi kama ipasavyo nchi tajiri. Kokubanza alipita milango mitano kabla ya kuona kitu. Kwenye kitasa cha mlango wa sita palining'inizwa kifuko cha kitambaa, kimefungwa fundo la haraka. Alikichungulia. Ndizi mbivu mbili na yai la kuchemsha, vimefunikwa na leso ili apitaye asivione. Aliyeleta hakupiga hodi. Alitundika, akaondoka, ili mwenye nyumba asilazimike kumtazama usoni.

Kokubanza alisimama pale akitazama lile fundo, kisha akabisha.

"Hodi."

"Karibu, karibu mwanangu, pita."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pita ukae. Byera, msogelee mgeni kiti."

Bi Kemilembe alikuwa mwembamba, gauni lake limepunguzwa kiunoni kwa mshono mzuri wa mkono. Mwanawe Byera, mwanamke wa miaka thelathini na sita, alisukuma kiti bila kusema neno. Byera hakuwahi kusema neno tangu azaliwe. Alirudi upesi kwa mama yake, akashika upindo wa gauni lake, akakaa hivyo. Wote wawili walikuwa wamevaa mikono mirefu mpaka kwenye vidole.

Wakaulizana habari za nyumbani, za mvua, za ziwa kupanda. Kokubanza aliacha mazungumzo yaende yanakotaka. Alikuwa amefundishwa kazi na wapimaji wa zamani, wa kabla ya shanga, ambao waliingia katika nyumba za watu wakiwa na macho na adabu tu. Wao walikuwa na njia yao.

"Mama, koo linaniwasha," alisema baada ya muda. "Ningepata chumvi kidogo nisukutue."

Bi Kemilembe akainuka. Alikawia. Kokubanza alisikia kabati likifunguliwa, kisha kitu kikigongwa, taratibu, kama mtu anayeogopa kusikika. Akainuka akamfuata. Bi Kemilembe alikuwa ameshika kikopo, anakigonga ndani kwa mpini wa kisu. Chumvi ilikuwa imeshikamana, bonge moja gumu kama jiwe la kusugulia miguu.

Katika nyumba inamopikwa kila siku, chumvi haipati nafasi ya kuganda. Mkono unaingia humo asubuhi na jioni.

"Inatosha, mama," Kokubanza alisema. "Koo limetulia."

Bi Kemilembe aliuona uso wake, na mara moja akaanza kuongea kwa haraka, kwamba siku hizi wamezoea vyakula visivyo na chumvi, daktari kasema, presha. Kokubanza alitikisa kichwa kuafiki. Kisha, kwa sababu kanuni ni kanuni, akaisogeza beji kifuani.

"Mmekula?"

"Tumekula, mwanangu, tunashukuru."

Beji ikawaka kijani. Jibu lilikuwa limetoka lenyewe, kama mtu anavyoitikia salamu.

Kabla Kokubanza hajajua aseme nini, mlango ukafunguliwa bila hodi. Mwanamume wa makamo, mwenye ovaroli ya mafundi wa lifti, aliingia akihema na akicheka.

"Ma Kemi, leo umekula kuku wa nazi na umeburuza nyaya tangu alfajiri, jiandae, usiku ushanga utakwambia ulale mapema. Byera naye kwa yule dada wa kufulia anatapika kidogo, usiogope, ni mimba ya..."

Aliiona beji. Maneno yakamfia mdomoni. Kwenye mkono wake wa kushoto palikuwa na shanga mbili.

"Huyu ni Mutalemwa, jirani yangu," alisema Bi Kemilembe, utadhani anamtambulisha mtu kanisani. "Ana utani sana."

Mutalemwa alishusha mkono nyuma ya mgongo, kisha akaona haina maana, akaurudisha mbele. "Shikamoo, mama mpimaji."

"Marahaba. Kaa chini, baba. Na mimi nakaa."

*

Walichomweleza kilitoka vipande vipande, huyu akianza na yule akimalizia.

Miaka minne iliyopita, siku mbili baada ya Kokubanza kuuliza lile swali lake kutoka chini, Bi Kemilembe alizidiwa na malaria. Ushanga wake ukashuka. Gari jeupe likaja, safi, lenye vijana wenye heshima waliomwita bibi na kumfunika blanketi. Sheria ilitaka kila mtu apelekwe makao yanayomfaa. Yeye akapelekwa makao ya wazee upande mmoja wa nchi, Byera akapelekwa ya walemavu upande mwingine. Hakuna aliyewafanyia ukatili. Chakula kilikuwa kingi.

"Lakini Byera anakula nikiwepo mimi tu," alisema Bi Kemilembe. "Anashika gauni langu kwa mkono huu, anakula kwa huu. Niliwaambia. Waliandika. Wale vijana waliandika kila nilichosema."

Siku arobaini. Walipowarudisha nyumbani, Byera alikuwa na alama ya mpira wa kulishia puani na uzito wa mtoto wa shule. Bi Kemilembe alipomwogesha siku ile aliapa kwamba gari lile halitapanda tena kwake.

"Ndipo tukaanza kuvaa," alisema Mutalemwa. "Nilianza mimi. Nikasema, Ma Kemi bado dhaifu, ushanga wake ukishuka tena watarudi. Nitauvaa wiki moja mpaka apate nguvu. Mimi nakula kantini, damu yangu nzuri. Na wa Byera akavaa yule wa ghorofa ya pili, anayefua. Wiki moja tu."

"Na posho?"

Mutalemwa akatazama sakafu. "Mtambo ukaona wameshiba. Ukapunguza. Sisi hatukujua. Tulipokuja kujua ilikuwa imekatwa kabisa, na wao wamepungua kiasi kwamba wakivaa shanga zao wenyewe hata kwa dakika kumi, gari linakuja. Tumekwama humo, mama. Kila tunayemvalia ushanga tunamnyima."

Wale majirani walikuwa wanatoa sahani zao. Lakini posho ya kila mmoja imepimwa sawasawa na mwili wake, hakuna kinachobaki sufuriani katika nchi ile, na anayegawa naye ushanga wake unaanza kumfinya. Kwa hiyo walipokezana. Jumatatu mlango wa kwanza, Jumanne wa pili. Juzi zamu ilikuwa ya mama mmoja aliyejifungua, akasahau. Jana mwenye zamu naye hakuleta kitu. Leo yule mama kakumbuka, akatundika ndizi.

Kokubanza alimwomba Byera mkono. Byera akamtazama mama yake kwanza, kisha akautoa. Kokubanza alisukuma mkono wa gauni juu, akazungusha kidole gumba na cha shahada kwenye kifundo. Vidole vilipitana. Aliuachia polepole, akaurudishia mkono wa gauni mahali pake.

"Hataziona mvua za vuli," alisema.

Bi Kemilembe alikuwa anazijua hesabu hizo kwa vidole vyake mwenyewe, kila siku akimwogesha.

"Ni mimi niliyepiga kengele ile," Kokubanza alisema. "Miaka minne iliyopita. Goti lilikuwa linauma, sikupanda. Ningepanda ningeona umeanza homa."

"Nakumbuka," Bi Kemilembe alisema. "Ulikuwa na sauti nzuri. Nilimwambia Byera, huyo ni mtu aliyelelewa."

Hilo lilimchoma Kokubanza kuliko ambavyo tusi lingemchoma. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Huko nje Ubao ulikuwa unaonekana wote, na mafundi wanaufuta vumbi kwa ajili ya wageni.

"Kuna kifungu," alisema. "Cha kumi na nne. Mtu akikutwa na ushanga chini ya mstari, anahesabiwa mgonjwa, haingii kwenye Ubao, na mgonjwa anahamishwa. Lakini mtu akisema kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hajala, mbele ya wapimaji wawili, huyo si mgonjwa. Ni mdai. Mdai hahamishwi. Anakaa kwake, analetewa chakula kwake, mpaka baraza limsikilize na yeye mwenyewe akiwepo."

Mutalemwa aliinua kichwa. "Mbona hatujawahi kusikia?"

"Kwa sababu hakijawahi kutumika. Miaka kumi na mmoja nauliza mmekula, na watu wananijibu tumekula."

"Kila mtu?"

"Ungekuwa wewe ungejibuje?"

Mutalemwa akafikiri. "Tumekula," akakubali.

Bi Kemilembe alikuwa amekaza mdomo. "Mwanangu, unataka mimi nimwambie mgeni sijala? Mgeni yuko mlangoni kwangu, hata sijamkaribisha maji, nimpe njaa yangu aishike? Mama yangu alikufa hajatamka neno hilo. Kulikuwa na mwaka migomba ilinyauka yote, tulikula mizizi, na mgeni akifika tunamwambia tumekula, karibu."

"Najua, mama. Na kwetu vilevile."

"Na huyu?" Alimwonyesha Mutalemwa kwa kidevu. "Na yule binti wa kufulia mwenye mimba? Nikifungua mdomo, wataulizwa shanga zilikuwa wapi. Kuvaa mwili wa mwenzio ni kosa. Watanyang'anywa nyumba. Nisimvunjie mtu nyumba kwa sababu ya tumbo langu."

Lilikuwa kweli, na Kokubanza alilijua. Angeweza kudanganya. Angeweza kusema watasamehewa. Aliitazama miguu ya Byera chini ya meza, imevishwa soksi zilizoshonwa upya kisigino kwa nyuzi za rangi tatu, na akaona kwamba katika nyumba hii uongo mzuri ulikuwa umeshatosha.

"Sina ahadi," alisema. "Sijui baraza litasema nini juu ya Mutalemwa. Sijui hata kama mkuu wangu atakubali kukisoma kifungu kama ninavyokisoma. Anaweza kuita gari. Ninachojua ni kwamba nikiondoka hapa na beji ya kijani, Byera atakufa akiwa ameshiba kwenye vitabu vyetu. Na nikiripoti shanga bila ninyi kusema, mtatenganishwa leo hii."

"Basi usiripoti, usiondoke," alisema Mutalemwa, nusu utani. "Kaa tu."

Kokubanza akamtazama. Kipimo kikifunguliwa bila kufungwa, Ubao hauwezi kuonyesha sifuri wala namba nyingine. Unaonyesha mstari mfupi, kama mtu aliyefumba macho. Na anayeweza kuja kukifunga ni mpimaji mwingine mwenye cheo.

Aligusa beji yake mara mbili, kukifungua upya kipimo. Taa ya kijani ikazimika.

*

Kyaruzi alipiga simu baada ya dakika nne. Hakupandisha sauti. "Mama Koku, hapa nje watu wamesimama barabarani wanatazama juu. Umefanya nini?"

"Napima."

"Funga."

"Siwezi peke yangu. Kifungu cha kumi na nne kinataka wawili."

Kokubanza alimwazia akifungua na kufunga kifuniko cha chupa. "Nakuja," Kyaruzi alisema mwishowe. "Nakuja na gari, unaelewa? Siwezi kuja bila gari."

Nusu saa ile ilikuwa ndefu. Bi Kemilembe alipanga upya viti ambavyo vilikuwa vimepangwa. Mutalemwa alitoka, akarudi, akatoka tena, akarudi na yule binti wa kufulia, aliyepanda kutoka ghorofa ya pili huku ameshika tumbo. Walizivua shanga mbili zisizo zao, wakaziweka mezani mbele ya Bi Kemilembe, moja moja, kwa uangalifu kama vikombe vya kigeni.

"Mnafanya nini?" Bi Kemilembe aliuliza.

"Tumeshavua," alisema Mutalemwa. "Mkuu atazikuta hapa. Kwa hiyo usitufanye sisi kuwa sababu, Ma Kemi. Sisi tumeshakamatwa."

"Wewe mtoto una kichwa kigumu."

"Nimelelewa karibu na wewe."

Bi Kemilembe alitaka kumkemea, akashindwa. Alichukua leso, akafuta meza palipokuwa safi.

Hatua zikasikika. Kyaruzi aliwaacha vijana wa gari jeupe kwenye lifti, akaja peke yake. Alipofika mlangoni alivua viatu, jambo ambalo mkuu wa ofisi hana haja ya kulifanya, akaviweka pembeni visimkwaze mtu. Kokubanza aliona soksi yake moja imetoboka.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Karibu ukae."

Hakukaa. Macho yake yalikwenda kwa zile shanga mezani, yakaenda kwa Byera, yakakaa hapo kwa muda. Yeye pia alikuwa amefundishwa na wale wazee wa zamani. Hakuhitaji chumvi.

"Mama Koku," alisema kwa sauti ya chini, "unajua kesho kuna nini."

"Najua."

"Nikiuliza, kitakachosemwa kinanaswa. Sitakuwa na uwezo wa kukifuta."

"Najua hilo pia. Na wewe unajua utajibiwa nini ukiuliza kama tunavyouliza siku zote, kwa haraka, mguu mmoja nje."

Kyaruzi akavuta kiti, akakaa. Akasogea mbele mpaka magoti yake yakakaribia ya Bi Kemilembe, akagusa beji yake.

"Mama, mmekula?"

"Tu..." alianza Bi Kemilembe.

Lile neno lilikuwa limefika midomoni. Kokubanza aliliona, tayari, limevaa nguo zake nzuri. Binti wa kufulia aliinamisha kichwa. Byera, ambaye hakujua beji ni nini, alivuta upindo wa gauni la mama yake kidogo, kama anavyofanya anapotaka aangaliwe, na mama yake akamwangalia.

Beji ilisubiri. Kyaruzi naye alisubiri, na hilo Kokubanza asingelisahau kwake: hakumsaidia kulimalizia neno.

"Hatujala, baba," alisema Bi Kemilembe.

Alilisema akitazama mikono yake. Kisha akainua uso, na machozi yalikuwa yanashuka, lakini sauti ilikuwa ileile ya kumkaribisha mgeni. "Tangu juzi. Na kabla ya hapo ni vya kuokoteza, vya watu hawa wema. Mwanangu anaisha. Na hatutaki kuhamishwa. Nisamehe, umekuja kwangu na sina cha kukupa."

Beji zote mbili zikawaka nyekundu. Kokubanza hakuwahi kuiona rangi ile. Alidhani zingepiga kelele, lakini zilikaa kimya tu, zinawaka.

"Kanuni inanitaka niulize mara ya pili," alisema Kyaruzi. "Ili iwe hakika. Mama, mmekula?"

"Hatujala." Safari hii lilitoka kwa urahisi zaidi, na Bi Kemilembe mwenyewe akaonekana kushangaa kwamba nyumba bado imesimama.

Kijana mmoja wa gari jeupe alichungulia mlangoni, blanketi mkononi. Kyaruzi akamwinulia kiganja. "Hawa ni wadai," alisema. "Rudisha blanketi. Nenda kantini, leta sahani za watu wawili, za moto. Uje nazo mwenyewe, usimtume mtu." Kijana alisita. "Nenda, mwanangu."

Mutalemwa aliinyoosha mikono yake miwili mbele ya Kyaruzi kabla hajaulizwa. "Na mimi je, mzee? Nikafunge mizigo?"

"Sijui," alisema Kyaruzi. "Sijui, ndugu yangu. Nitaandika nilichokiona. Nitaandika pia kwamba nilikuta ndizi kitasani."

Alitoa fomu. Ilikuwa ya karatasi, maana kifungu cha kumi na nne kiliandikwa na watu wa zamani, na karatasi zenyewe zilikuwa zimegeuka rangi ya chai. Chini kabisa palikuwa na kisanduku ambacho hakuna kalamu iliyowahi kukigusa. Kitakachoandikwa hapo ndicho kingepanda juu ya Ubao, na watu wote waliosimama barabarani wangekisoma.

Kyaruzi alishika kalamu juu ya kisanduku. Aliyatazama majengo nje ya dirisha, yanavyong'aa, ghorofa juu ya ghorofa, mlango kwa mlango, na katika kila mlango mtu mwenye adabu.

"Niandike wawili?" akauliza.

Kokubanza alikuwa amekwishasimama, anatafuta viatu vyake. Goti lilikuwa linauma. Jengo la jirani lilikuwa na ghorofa kumi na nne.

"Anza na wawili," alisema.